Baiskeli Iliyobeba Mawe

Naandika haya kwa ajili ya mtu aliyeamka asubuhi akakuta viatu vyake havimwingii.

Mimi nililaumu mvua. Nilidhani ngozi ya viatu imejikunja kwa unyevu, nikaipaka mafuta, nikavianika juani, na siku ile nikaenda kufundisha nimevaa kandambili. Watoto wa darasa la tatu waliitazama miguu yangu wakanyamaza. Wao waliona kabla yangu.

Ilikuwa miaka ile ya mwanzo ya themanini, sukari ilipokuwa hadithi na kipande cha sabuni kikikatwa kwa uzi ili kila nyumba ipate ukucha wake. Nilikuwa mwalimu kijijini, upande wa Tinde, na mke wangu Kabula na binti yetu Holo, ambaye bado alikuwa akibebwa mgongoni. Mchana nilifundisha. Jioni niliandika riwaya yangu ya kwanza, na riwaya hiyo haikwisha, maana vidole navyo vilivimba mpaka kalamu ikawa inanitoka mkononi kama samaki.

Mwanzoni watu walinipongeza. Kwetu mwili ni habari njema. Ukinenepa, wakwe hufurahi na jirani husema ndoa imekukubali. "Mwalimu, umenawiri!" waliniambia njiani, nami nikacheka, huku nikibonyeza mguu kwa kidole na kuona shimo linabaki pale, halijai, kama unyayo wa mbuzi kwenye tope. Kila asubuhi macho yangu yalifunguka kwa shida. Kabula aliacha kucheka kabla yangu. Siku moja alinitazama nikinawa uso, akasema, "Huu si unono, Baba Holo. Huu ni mgeni."

Hospitali ya masista ilikuwa mwendo wa asubuhi nzima kutoka kwetu. Pale kulikuwa na benchi refu la mninga, lililong'arishwa na makalio ya wagonjwa mpaka likateleza. Nilikaa juu yake tangu jua likiwa changa mpaka lilipogeuka. Nilipoitwa, sista alichukua mkojo wangu ndani ya kichupa chembamba, akakishika kwa koleo juu ya moto wa spiriti. Nikauona mkojo wangu ukigeuka mweupe, ukaganda kama ute wa yai sufuriani. Alikigeuza kichupa juu chini, na hakikumwagika.

Daktari alisema neno moja, figo, na amri mbili. Nisiguse chumvi. Na kila mwezi unapoandama nije kupimwa na kuchukua vidonge. "Ukiruka mara moja," alisema, "maji yatarudi, na safari hiyo sijui kama yatakubali kutoka."

Vidonge vilikuwa vidogo na vyeupe, vichungu hata ukivifuata na uji. Vilifukuza maji, lakini badala yake vikaleta njaa. Sijui niieleze vipi njaa ile. Nilikula ugali wangu, nikala ukoko wa sufuria, nikamtazama Holo akila wake. Maji yalipungua miguuni, lakini uso ukawa duara kama mwezi mpevu, shingo ikazama mabegani, tumbo likanitangulia mlangoni. Nilikuwa nimeponywa uvimbe nikapewa unene. Kabula alikula nami chungu kimoja kisicho na chumvi, akakonda. Jirani walituangalia tukiwa tumekaa pamoja, mmoja akiwa gunia na mwingine ufito, wakaanza kufanya hesabu zao.

Mabasi hayakuwa na mafuta. Kwa hiyo kila siku ya hospitali Kabula alinipandisha kwenye baiskeli ya marehemu baba yangu, baiskeli nyembamba ya kuendea kanisani, akamfunga Holo mgongoni, akanisukuma. Sikuweza kukanyaga pedali; baiskeli ililia chini yangu kila nilipojaribu, na yeye aliogopa itavunjika. Njia yote niliukodolea macho usukani. Vijana waliokuwa wakichunga walitukimbilia.

"Mlanguzi huyo! Anasukumwa na mkewe!"

"Mama, mshushe atembee! Mafuta yatayeyuka!"

Mnakumbuka ile miaka. Mlanguzi, katika picha zote za magazeti, alikuwa na tumbo kama langu.

Kwenye benchi la mninga ndipo nilipomjua Athumani. Alikuwa mtu wa Kondoa, aliyekwenda Geita akiwa kijana kuchimba dhahabu na kuzeekea humo. Yeye naye alikuwa amevimba, ila wake ulikuwa uvimbe wa maji matupu, rangi ya majivu. Alisogea kunipisha nafasi, benchi likalia.

"Kaa, ndugu yangu. Hili limezoea magunia mawili."

Nikamwamkia, maana alinizidi umri: "Shikamoo."

"Marahaba. Maji yako yamefika machoni? Yangu yalianzia machoni."

Tulizungumza kila mwezi. Alinisimulia juu ya maduara, yale mashimo ya wachimbaji, na vijana waliobeba mawe kwa baiskeli kutoka duarani hadi kwenye kinu cha kusagia. Akaniambia kwamba mbebaji akifika kinuni hugonga kengele na kuita, "Mzigo!" na wa kinuni, hata kama hamjui, humjibu, "Tua!" Asipojibiwa hatui, atazunguka na mawe yake mpaka mtu amjibu.

"Kwa nini?" nikauliza.

"Basi tu. Mtu hajitui mwenyewe."

Mwezi uliofuata walimlaza. Nilimkuta wodini, kitanda cha dirishani, tumbo limepanda juu ya kifua. Nikamweleza kwa mzaha jinsi vijana wa njiani wanavyonitukana. Hakucheka.

"Unasukumwa na mama mwenye mtoto mgongoni? Mwalimu, huyo atakutangulia kufa. Tafuta baiskeli iliyobeba mawe. Zinashuka kutoka kule kwetu machimboni, zinauzwa minadani. Usiangalie rangi. Kaa juu yake, usikilize. Ukiipata, pita nayo hapa nje, gonga kengele. Nami nitakujibu."

Siku hiyo hiyo, tukirudi, uma wa mbele wa baiskeli ya baba ulikatika. Hatukuwa katika mwendo mkubwa. Ulikatika taratibu, kama mhogo mkavu, nami nikaenda chini na usukani mkononi. Kabula alisimama katikati ya barabara. Hakuuliza kama nimeumia. Alimfungua Holo, akamkalisha chini, akakaa karibu naye, akaviangalia vyuma.

"Nimechoka," alisema. Sauti yake haikuwa na hasira, na hilo lilinitisha zaidi. "Sijachoka na wewe. Mikono yangu ndiyo imechoka. Mwezi ujao sitaweza, Baba Holo. Hata nikitaka, sitaweza."

Tukatembea mpaka nyumbani, tukipumzika kwenye kila kivuli. Nilijua kwa hakika, kama mtu anavyojua jina lake, kwamba nisipopata chombo cha kunibeba kabla ya mwezi kuandama, nitakufa. Na nikikipata chombo kisicho imara, yeye ndiye atakayekufa.

Ilikuwa kiangazi, pamba zikiuzwa. Mnada wa ng'ombe ulifanyika karibu na kituo cha kununulia pamba, na pembeni mwa ng'ombe zilisimama baiskeli zikiegemeana. Dalali alikuwa mfupi, mwenye kofia ya pama.

"Mwangaluka, ng'wanangwa!" Aliniamkia kwa Kisukuma na kuniita mkuu wa kijiji, kwa ajili ya tumbo. "Unamnunulia nani, kijana wako wa kazi?"

"Mimi mwenyewe."

Alinizunguka kama fahali anavyokaguliwa. "Nisije nikakuuzia asubuhi, jioni ukaniletea vyuma chakavu. Una uzito gani?"

Sikujua. Mshale wa mizani ya hospitali uligonga ukingo ukabaki pale ukitetemeka, na sista hakuandika kitu.

"Basi twende kwenye pamba."

Nilikataa. Kabula akanigusa mkono. "Nenda," alisema. "Heri wacheke leo." Akanivua kandambili, akazishika.

Wakanifunga kwa turubai linaloshikia robota za pamba, wakanining'iniza kwenye ndoana ya mizani. Miguu yangu iliacha ardhi. Wakulima waliokuwa kwenye foleni waliacha magunia yao wakaja kutazama, na mtu akapaza sauti, "Karani! Huyo safi au fifi?"

Karani alinitazama kwa makini, kama anavyotazama pamba ya kila mtu kabla ya kuipa daraja, la juu au la chini. "Fifi!" alisema. "Ametiwa maji huyu!"

Kicheko kilichopanda pale kiliwashtua ng'ombe. Kila mkulima alijua mchezo wa kuinyunyizia pamba maji ili izidi mizanini. Nami, nikining'inia kati ya mbingu na vumbi, niliona kwamba karani, bila kujua, alikuwa amesema kweli tupu. Nikacheka pamoja nao. Nilipocheka ndoana iliyumba, nikazunguka polepole, nikaona uso wa Kabula ukipita, ukipita tena. Yeye hakucheka. Alizishika kandambili zangu kifuani kama vitu vya marehemu.

Ziliwekwa mbele yangu baiskeli mbili. Ya kwanza ilikuwa ya kijani, mpya, yenye taa na madigadi yanayong'aa. Niliipenda, nilikuwa bado kijana, na muda mrefu sikuwa nimegusa kitu kizuri. Nikaketi. Spoku za gurudumu la nyuma zikalia, moja baada ya nyingine, sauti nyembamba kama ya panya. Nikashuka.

Ya pili ilikuwa nyeusi, haina rangi zaidi ya weusi wa masizi na mafuta. Ilikuwa na bomba mbili za juu badala ya moja. Uma wake wa mbele ulikuwa umeongezewa vyuma kila upande, vimeunganishwa kwa moto. Spoku zake zilikuwa nene, keria yake imetengenezwa kwa nondo, na chini ya kiti kulikuwa na springi kubwa kama za gari. Kwenye bomba kulikuwa na mikwaruzo mingi iliyotoboa mpaka chuma cheupe. Mawe yalikuwa yamepita hapo.

Nikaketi, nikasikiliza. Kimya.

"Usishuke," Kabula akasema. Akamkabidhi dalali usukani aushike, akapanda kwenye keria na Holo mgongoni. Tukakaa hivyo sote watatu juu ya baiskeli iliyosimama, katikati ya mnada, tumenyamaza, tukisikiliza kama watu wanaongoja mtoto alale. Haikulia. Dalali ndiye aliyelalamika, mikono ikimuuma.

Tulitoa mtamba wetu wa pekee, tukaondoka nayo. Haikuwa na kengele. Nyumbani nikaifungua ile ya baiskeli ya baba, nikaifunga.

Siku chache kabla ya mwezi kuandama walikuja mgambo. Aliyewaongoza alikuwa Masele, jirani yetu, baba wa Ngolo, mtoto niliyemfundisha kusoma. Alisimama mlangoni hana pa kuweka macho.

"Mwalimu, nimetumwa. Wanasema mwalimu hawezi kuwa na mwili huo kwa mshahara wa serikali. Wanasema una sukari."

"Tafuta," nikasema.

Walitafuta. Waliinua kitanda, walidunga nafaka ghalani kwa vijiti, walifunua chungu jikoni. Mlikuwa na mlenda. Kabula akachota kwa mwiko, akamnyooshea Masele.

"Onja, Baba Ngolo."

Masele alionja. Alishikilia mdomoni kwa muda, kisha akameza kwa adabu.

"Mbona hauna chumvi?"

"Nyumba hii haina chumvi. Ingia utafute, ukiipata tufunge."

Waliangaliana. Mlanguzi anaweza kuficha sukari, lakini hawezi kula mlenda usio na chumvi mbele ya mkewe. Masele aliyajua hayo, niliyaona usoni mwake. Lakini hakuweza kurudi mikono mitupu, na pale ukutani iliegemea baiskeli nyeusi ya mawe, aina ileile wanayobebea magendo. Akaishika usukani.

"Katibu kata akishaiona itarudi. Siku mbili tatu."

Haikurudi kwa siku mbili tatu. Mwezi uliandama, ukanenepa, ukapungua. Vidonge viliisha. Kabula alikwenda ofisi ya kata akaambiwa katibu amesafiri; akaenda tena, akaambiwa amerudi ila ana mkutano. Nami maji yalirudi. Yalianzia machoni, kama ya Athumani. Yakashuka miguuni, ngozi ya muundi ikapasuka na kutoa majimaji, mpaka Kabula akawa ananitandikia majivu chini ya miguu kama mtoto mchanga. Usiku nililala nimekaa. Nilifikiria juu ya dirisha la wodi, na mtu aliye nyuma yake anayesikiliza barabara.

Waliirudisha asubuhi moja ya mvua za kwanza. Masele aliisukuma mwenyewe, na nyuma yake walikuja jirani, wanaume kwa wanawake, wamevua kofia. Habari za chungu chetu zilikuwa zimezunguka kijiji kizima. Kwenye keria walikuwa wamefunga kifurushi cha kitambaa.

"Tumeona aibu, Mwalimu," mama mmoja alisema. "Hatukujua mnaishi hivyo. Kila nyumba imetoa kidogo."

Kabula alipokea kwa mikono miwili, akapiga goti, akashukuru. Walipoondoka alikifungua. Ilikuwa chumvi, ya mawe na ya unga, nyeupe na ya kijivu, makonzi ya nyumba mbalimbali yaliyochanganyika, katika mwaka ambao watu walikuwa wakilamba magadi. Aliitazama kwa muda mrefu.

"Wametuletea kifo chako," alisema, "na wamejinyima ili wakilete." Akaanza kucheka, na kicheko kikageuka kuwa kitu kingine, akaufunika uso kwa kile kitambaa, na chumvi ikamwagikia mapajani.

Nilimwomba apike chungu chake peke yake, atie. Alikataa kwa siku kadhaa. Halafu nikamwona jikoni akitia punje chache kwenye kiganja, akizilamba amefumba macho. Nilirudi nyuma taratibu asinione.

Nilikwenda hospitali peke yangu. Nilikanyaga pedali kwa miguu iliyofungwa vitambaa, nikishuka kwenye kila mlima, nikipumzika kwenye kila kivuli. Baiskeli haikulia hata mara moja. Nilipofika kwenye ua wa wodi, sikwenda kwanza kwenye benchi. Nilisimama nje ya dirisha, nikagonga kengele ya baba yangu, nikaita, "Mzigo!"

Nikangoja. Kwenye nyasi, chini ya dirisha, godoro lilikuwa limeanikwa, limekunjwa kati.

Sista alitoka akaniona. Alikuwa yule wa kichupa. "Alikuwa akiuliza," aliniambia. "Kila baiskeli ikipita, alikuwa akiuliza kama ni ile." Kisha akanishika kiwiko, akaniingiza ndani, maana hakuna aliyenijibu, na mimi nilikuwa siwezi kujitua.

Maji yalikubali kutoka. Yalitoka polepole zaidi kuliko mara ya kwanza, na yalichukua msimu mzima wa kupalilia na msimu mzima wa kuvuna. Daktari alipunguza vidonge, kimoja kikawa nusu, nusu ikawa robo. Uso wangu ulirudi, ila si uleule. Ngozi ilining'inia kama shati la kuazima. Siku moja kichupa kilichemka kikabaki safi, sista akakigeuza juu chini akamwaga mkojo wote sinkini, akatabasamu kwa mara ya kwanza. Sijaambiwa nimepona. Nimeambiwa nije.

Kwa hiyo, wewe ambaye viatu havikuingii: usingoje watu waache kukupongeza. Nenda ukakae kwenye benchi. Na ukilazimika kununua baiskeli ya kuubeba mwili usioujua, usiangalie taa wala rangi. Tafuta bomba mbili, spoku nene, uma ulioongezewa vyuma. Kaa juu yake pale pale, watu wakikucheka, na usikilize. Ikilia, shuka.

Kuna jambo moja Athumani hakuniambia. Baiskeli ya mawe haimpendi mtu mwepesi. Nilipopungua ilianza kunirusha. Kila shimo la barabara lilinipiga mgongoni, springi zikinitupa juu kama inauliza mzigo uko wapi. Nilimweleza Kabula. Alifikiri kidogo, kisha siku ya hospitali ilipofika akavaa kitenge chake kizuri, akamwacha Holo kwa jirani, akapanda kwenye keria bila kuulizwa. Njia nzima hatukuzungumza. Baiskeli ilitulia. Nilisikia uzito wake nyuma yangu, mdogo, wa mwanamke aliyekonda kwa ajili yangu na mwili wake bado haujarudi.

Kwenye ua wa wodi nilisimama nje ya dirisha lile, kama ninavyosimama kila mara. Nikagonga kengele. "Mzigo," nikasema, si kwa sauti kubwa. Nilikuwa nimekwisha kuzoea kutojibiwa.

Kabula hakuwa ameshuka bado. Aliweka paji la uso wake kati ya mabega yangu.

"Tua," alisema.